Uzi maalumu: Ni nini husababisha fibromayaljia, na ni nini huiamsha?

MWALIMU WA ISEVYA

Habari za jioni, wanajukwaa. Wakubwa wangu, shikamooni.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila linapoulizwa swali kuhusu maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwenye vipimo, majibu huwa ni yale yale: kapime malaria, kapime taifodi, kapime yutiai, na vyote vikikosekana, nenda kwa mtaalamu ukatazamwe nyota. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Tabora Mjini, na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani alithibitisha kwamba nina fibromayaljia baada ya miaka ya kuhangaika. Siandiki kama tabibu. Naandika kama mgonjwa aliyesoma kila alichoweza kukipata kuhusu hali yake, na ninaamini kwamba wengi wetu, hapa na kwa ndugu zetu wa Kigoma, tunamtafuta mkosaji mmoja wakati ugonjwa huu hauna mkosaji mmoja. Maswali yapo matatu, na kila moja lina jibu lake. La kwanza ni nini kiliuandaa mwili kuugua, la pili ni nini kiliuamsha ugonjwa, na la tatu ni nini kinaufanya usitulie. Mtu anayeyachanganya humaliza fedha za mazao akilifuatilia la pili, ambalo kwa kawaida limeshapita na halirudishiki nyuma, huku lile la tatu, ambalo angeweza kulifanyia kazi leo, likibaki bila kuguswa.

Tukubaliane kwanza ni ugonjwa upi tunaouzungumzia. Fibromayaljia ni maumivu yaliyoenea sehemu nyingi za mwili kwa muda usiopungua miezi 3, yakiandamana na uchovu usioondoka kwa kupumzika, usingizi usioburudisha na akili inayoshindwa kushika mambo madogo madogo. Wengi wetu pia tuna tumbo linalosumbua, maumivu ya kichwa ya mara kwa mara, na ngozi inayouma kwa kuguswa tu. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliweka kigezo cha kubonyeza sehemu 18 za mwili, na mgonjwa alitakiwa aumie katika sehemu 11 au zaidi. Kigezo hicho kiliachwa kutegemewa kuanzia mwaka 2010, na sasa daktari huhesabu maeneo yanayouma na kupima uzito wa dalili nyingine. Picha ya eksirei haionyeshi kitu, wala hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema "unayo" au "huna". Hapo ndipo mateso ya kijamii yanapoanzia, kwa maana kwetu ugonjwa usio na karatasi ya majibu huhesabiwa kuwa uvivu.

Ni kitu gani basi kimeharibika? Kwa miaka mingi wataalamu waliitafuta hitilafu ndani ya misuli yenyewe na hawakuipata kwa namna iliyoweza kueleza maumivu makubwa kiasi hiki. Leo wengi wanakubaliana kwamba tatizo kubwa lipo kwenye mfumo wa fahamu, yaani ubongo na uti wa mgongo, ambako taarifa za maumivu hukuzwa kupita kiasi huku uwezo wa mwili wa kuzipunguza ukiwa umedhoofika. Wazee wa Unyamwezi na Usukuma wanaokumbuka sungusungu ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 watanielewa haraka. Kijiji kikishaibiwa ng'ombe usiku, watu hulala jicho moja wazi, na mwano, yaani yowe la kuita watu, hupigwa hata kwa mbwa aliyepita kwenye mahindi. Mbwa ni wa kweli, mwano ni wa kweli, na watu walioamka na marungu wanachoka kweli. Kilichobadilika ni ukubwa wa jambo linalotosha kupigiwa mwano.

Huu si usemi wa kufarijiana. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwabonyeza kidole gumba wagonjwa wa fibromayaljia na watu wenye afya huku wakizipiga picha bongo zao kwa mashine. Ili mtu mwenye afya asikie maumivu sawa na ya mgonjwa, ilibidi abonyezwe kwa nguvu karibu mara mbili, na hapo ndipo sehemu zile zile za ubongo zilipowaka kwa kiasi kinachofanana. Kwa hiyo anayekwambia kwamba maumivu yako ni ya kufikirika tu anapingana na picha zilizopigwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Aidha, katika majimaji yanayozunguka uti wa mgongo wa wagonjwa, kemikali iitwayo dutu P, ambayo husaidia kupeleka ujumbe wa maumivu, ilipatikana kwa kiwango cha karibu mara tatu ya kile cha watu wengine.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza, la maandalizi. Urithi una nafasi kubwa. Uchunguzi wa kifamilia uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, wana uwezekano wa kuugua unaozidi mara 8 ule wa ndugu wa watu wenye ugonjwa mwingine wa viungo. Lakini hakuna jeni moja la fibromayaljia. Zipo nyingi zenye mchango mdogo mdogo, hasa zinazohusiana na kemikali za ubongo kama serotonini na noradrenalini, na mtu anaweza kuzibeba mpaka azeeke bila kuugua. Jinsia nayo imo, kwani wanawake ni wengi zaidi katika orodha za wagonjwa, ingawa tofauti hiyo ilikuzwa na kile kigezo cha kubonyeza, kwa kuwa miili ya wanawake kwa wastani huumia mapema zaidi inapobonyezwa. Naomba wanaume walisome hili mara mbili. Wapo wakulima na madereva wengi wanaoumwa miaka na miaka wasiotajiwa ugonjwa huu hata mara moja, kwa sababu daktari na mgonjwa wote wawili wanaamini kuwa ni ugonjwa wa akina mama.

Kuhusu vichochezi nitaeleza kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

MAMA WA URAMBO

Mwalimu, nashukuru sana kwa maelezo haya. Mdogo wangu anaumwa mwili wote tangu msimu wa tumbaku wa mwaka juzi. Ilianza mabegani, ikashuka kiunoni, na sasa hata kufunga kanga anaona kazi. Kila mwaka wakati wa kukausha tumbaku yeye na mume wake hulala kwa zamu pale kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, wakichochea moto. Wapo wanaosema ni sumu ya tumbaku iliyomwingia, na wengine wanasema ni moshi. Je, kazi hii inaweza kuwa ndiyo chanzo?

MWALIMU WA ISEVYA

Dada yangu, pole kwa kuuguza. Swali lako ni zito na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu limegusa jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote katika mazingira yetu, nalo ni usingizi.

Wanaojua kazi ya bani wanajua kwamba tumbaku ya mvuke haisubiri. Tangu majani yaliyofungwa kwenye fito yanapopandishwa darini, moto unatakiwa ukae siku 5 hadi 7 mchana na usiku, joto likipandishwa hatua kwa hatua, kwanza jani lipate umanjano, kisha rangi ishikwe, na mwisho uti wa kati wa jani ukauke kabisa. Joto likishuka usiku mmoja, jani hubadilika rangi na daraja huanguka sokoni. Kwa hiyo mtu hulala vipande vipande, akiamka kila baada ya muda kusogeza gogo na kuangalia kipimajoto, na bani moja likishushwa jingine linapakiwa. Mama wa nyumba anayetoka zamu alfajiri hapumziki. Anakwenda kisimani, anapika, kisha anarudi shambani kuchuma.

Mwaka 1975, daktari Harvey Moldofsky na wenzake huko Toronto, Kanada, walichukua watu wenye afya njema wakawalaza maabara, na kila walipozama kwenye usingizi mzito wakawasumbua kwa sauti bila kuwaamsha kabisa. Baada ya usiku chache tu watu hao walianza kulalamika kuumwa misuli na kuchoka, na sehemu za mwili zilizobonyezwa ziliuma kuliko mwanzo. Walipoachwa walale bila kusumbuliwa, hali iliondoka. Watafiti hao hao waliona pia kwamba wagonjwa wa maumivu ya mwili mzima, hata wanapokuwa wamelala, ubongo wao huonyesha mawimbi ya mtu aliye macho yakiingilia katikati ya usingizi mzito. Hii ndiyo maana mgonjwa analala kwa muda wa saa nane na kuamka kama mtu aliyepakua mizigo stesheni usiku kucha.

Lakini tuseme kwa uangalifu. Wale watu wa Toronto walipona walipolala, na maelfu ya wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wamekesha mabanini kwa miaka bila kupata ugonjwa huu. Usingizi mbovu peke yake hautoshi. Kwa mtu ambaye mwili wake ulikuwa umeshaandaliwa, kukesha kwa msimu mzima kunaweza kuwa ndiko kulikoamsha, na kwa mtu ambaye ameshaugua, kukesha ndiko kunakouzuia mwili kutulia. Kwa mdogo wako inawezekana ni yote mawili.

Kuhusu sumu: kuchuma majani mabichi yenye umande huingiza nikotini mwilini kupitia ngozi, na mtu hupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Hali hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Dawa za kuua wadudu nazo ni hatari kwa mishipa ya fahamu na hakuna sababu ya kuzinyunyizia bila kujifunika. Hata hivyo, siwezi kukuambia kwamba nikotini au dawa hizo zimethibitishwa kuwa chanzo cha fibromayaljia, kwa sababu halijathibitishwa. Avae mikono mirefu na glavu kwa ajili ya afya yake kwa ujumla, lakini fedha ya kwenda kuondolewa sumu mwilini aibakize nyumbani.

MFUGAJI WA IGUNGA

Naheshimu maelezo ya mwalimu, lakini nina wasiwasi. Huku kwetu tunakunywa maziwa mabichi na tunasaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu. Kaka yangu aliambiwa na watu kwamba ana ugonjwa huu mnaoutaja, kumbe alikuwa na brusela, na alipopewa dawa zake alipona. Isije ikawa tunawaambia watu wakae na maumivu wakati wana ugonjwa unaotibika.

TABIBU MSTAAFU, KASULU

Mfugaji amesema jambo ambalo lilitakiwa kusemwa, na naomba mwalimu anivumilie niliongezee uzito, kwani nimefanya kazi ya utabibu wilayani kwa muda mrefu kabla ya kustaafu.

Mtu asijipachike jina la fibromayaljia kabla hajaangaliwa vizuri. Brusela huleta homa inayopanda na kushuka, jasho jingi la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na huwapata zaidi wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa au kushika ndama waliotoka kwa mimba kuharibika. Wapo wanaonihoji kuhusu malale, kwa sababu mbung'o bado wapo katika mapori ya Kibondo, Kasulu na Urambo. Malale ya upande wetu wa Afrika huenda kwa kasi. Humwangusha mtu ndani ya wiki au miezi, naye asipotibiwa hufa. Kwa hiyo mtu anayeumwa miaka minne akiwa bado anakwenda sokoni hana malale, ila mwenye homa kali, maumivu makali ya kichwa na tezi zilizovimba aliyetoka porini karibuni aende hospitali leo, asisubiri kesho.

Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango humfanya mtu achoke, aumwe misuli, asikie baridi na anenepe bila sababu. Upungufu wa damu, selimundu, virusi vya ukimwi, homa ya ini, kisukari, lupasi na baridi yabisi yenyewe, vyote vinaweza kujificha nyuma ya malalamiko yale yale. Hata baadhi ya dawa za kushusha lehemu huumiza misuli. Dalili za kunitia wasiwasi ni homa, kupungua uzito, viungo vilivyovimba na kupata joto, misuli iliyokosa nguvu hasa (si kuuma tu), na mgonjwa ambaye maumivu yameanza akiwa mzee bila historia yoyote. Fibromayaljia haivimbishi kiungo wala haileti homa.

Baada ya kusema hayo, nawaomba wenzangu walioko kazini wasisahau upande wa pili. Kuwa na ugonjwa mmoja hakuuzuii mwingine. Kati ya wagonjwa 5 wa baridi yabisi, takribani mmoja ana fibromayaljia juu yake, na maumivu ya muda mrefu ya viungo yenyewe ni mojawapo ya vitu vinavyoufundisha mfumo wa fahamu kukuza kila taarifa. Huyo ukimwongezea dawa za baridi yabisi kila anapolalamika, utamjaza dawa na hatapona. Nimeona pia wagonjwa wengi wanaochomwa sindano za diklofenaki kwenye maduka ya dawa kila wiki. Dawa hiyo hupambana na uvimbe, na humu hakuna uvimbe wa kupambana nao. Kinachobaki ni vidonda vya tumbo na figo zilizochoka.

MWALIMU WA ISEVYA

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru sana. Sina cha kupinga hata kimoja. Mfugaji pia ahsante, na kaka yako tunamshukuria Mungu.

MWANA WA UJIJI

Mimi nilipata ajali ya bodaboda barabara ya kutoka Mwanga kushuka Kibirizi. Shingo ilitikisika lakini hakuna mfupa uliovunjika. Maumivu ya shingo yalipungua, kisha baada ya miezi kadhaa nikaanza kuumwa kila mahali. Jirani yangu, aliyekimbia vita akiwa mtoto, ana hali kama yangu ingawa hajawahi kupata ajali. Je, ajali ya kwangu na vita vya kwake vinaweza kuleta ugonjwa mmoja?

MWALIMU WA ISEVYA

Ndugu yangu wa Ujiji, pole wewe na pole jirani yako.

Kuhusu shingo, ushahidi una pande mbili na ni haki uzijue zote. Mwaka 1997 watafiti wa Israeli waliwafuatilia watu walioumia shingo na watu waliovunjika mguu, wakakuta kwamba zaidi ya 20 katika kila 100 wa kundi la shingo walipata fibromayaljia, ilhali katika kundi la mguu hawakufika hata 2. Watu wengi duniani wameukariri utafiti huo, hata mahakamani katika madai ya fidia. Lakini mwaka 2006 uchunguzi mwingine wa nchi ile ile haukuona uhusiano huo. Mimi ninavyosoma, ajali yaweza kuwa kichochezi kwa baadhi ya watu, na huenda kinachofanya kazi si shingo peke yake bali mkusanyiko wa mambo yanayoiandamana: maumivu ya muda mrefu, hofu ya kupanda pikipiki tena, kulala vibaya, kukaa bila kujisogeza, na mashaka ya kukosa kipato.

Mambo ya vita ni mazito zaidi. Mkoa wako umepokea watu waliokimbia Burundi na Kongo kwa vizazi, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996. Watu waliopitia mateso, ubakaji, kupoteza wazazi au utoto wa kupigwa na kutupwa huonekana kwa wingi zaidi miongoni mwa wagonjwa wa fibromayaljia kuliko katika jamii kwa jumla, na wenye athari za kiakili zitokanazo na matukio ya kutisha wanaumia zaidi. Njia inayotajwa ni ile mifumo ya mwili inayohusika na hofu na msongo. Mwili uliokaa muda mrefu katika tahadhari hubadilika katika homoni zake, mapigo ya moyo, usingizi na namna unavyozipokea taarifa za maumivu. Hapa naomba nisieleweke vibaya. Wapo wagonjwa wengi ambao hawakupata msiba wowote mkubwa, na wapo wengi waliopita motoni ambao hawana ugonjwa huu. Kwa hiyo mtu asimhoji mgonjwa kwa lazima akitafuta siri ya utotoni, wala asimwambie jirani yako kwamba anaumwa kwa sababu amekataa kusahau. Hakuna mtu aliyechagua mfumo wake wa fahamu uitikie namna gani.

Kichochezi kingine ninachotaka kukitaja ni maambukizi. Baada ya homa ya ini aina ya C, virusi vya Epstein-Barr, na hivi karibuni UVIKO-19, baadhi ya watu hubaki na maumivu na uchovu hata baada ya maambukizi yenyewe kutulia. Sisi Watanzania tuna mfano wa nyumbani: chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, na inajulikana kwamba homa yake huisha kwa siku chache lakini maumivu ya viungo huweza kudumu miezi au miaka, na kwa baadhi ya watu huenea mwili mzima. Kwa mantiki hiyo mtu anayesema "nilianza kuumwa baada ya homa" anaweza kuwa anasema kweli kabisa, na bado kumtibu malaria kila mwezi kusimsaidie, kwa kuwa homa ilikwisha kitambo.

BINTI WA NZEGA

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mahali kwamba sasa imegunduliwa kuwa ni kinga ya mwili inayojishambulia yenyewe, siyo ubongo. Nani mkweli?

MWALIMU WA ISEVYA

Marahaba binti yangu. Hapo sayansi bado inasonga, na binafsi ndipo ninapofuatilia kwa hamu kubwa zaidi.

Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza na Uswidi walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya wagonjwa wa fibromayaljia wakawadunga panya. Panya hao walianza kuumia wanapobonyezwa na wanapoguswa na baridi, na nguvu ya kushika ikapungua. Waliodungwa kingamwili za watu wenye afya hawakupata shida, na wale walioathirika walirudia hali yao ya kawaida baada ya wiki kadhaa kingamwili zilipoisha mwilini. Kabla ya hapo, mwaka 2013, watafiti wa Boston walipima vipande vidogo vya ngozi vya wagonjwa 27 wakakuta kwamba karibu 4 kati ya kila 10 wana upungufu wa nyuzi nyembamba za fahamu zilizo kwenye ngozi. Matokeo haya yananiambia mambo mawili. La kwanza, huenda chini ya jina moja tumewaweka watu wenye magonjwa zaidi ya moja yanayofanana. La pili, ubongo na kinga ya mwili si wapinzani. Kingamwili zinaweza kuwa zinazichokoza nyuzi za fahamu huku chini, na ubongo ukakuza kinachopanda. Lakini panya si mtu, na hadi sasa hakuna tiba ya kinga iliyothibitishwa kwa ajili yetu, kwa hiyo usikubali kuuziwa vidonge vya steroidi kwa hoja hiyo. Steroidi haisaidii fibromayaljia, na madhara yake kwa mifupa na sukari ni ya kweli.

MAMA WA URAMBO

Mwalimu, samahani kwa kurudi. Mama mkwe wa mdogo wangu anasema amechezewa na mtu aliyemwonea wivu kwa tumbaku iliyopata daraja zuri. Wanataka auzwe ng'ombe mmoja waende kwa mganga. Na kama tukikataa, tumfanyie nini, maana msimu unakaribia tena na bani ni lile lile?

MWALIMU WA ISEVYA

Dada, mama mkwe naye anahangaika kwa upendo wake, na hoja yake ina mantiki kwa mtu aliyeambiwa hospitali kwamba "hakuna kitu". Msimjibu kwa ukali. Mwambieni kwamba kitu kipo, kina jina, wapo wanaokiugua katika nchi zote, na katika kila watu 100 duniani hukadiriwa kuwa 2 hadi 4 wanacho. Ng'ombe abaki zizini, kwa sababu mdogo wako atahitaji nauli ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa na fedha ya vile vipimo alivyovitaja Tabibu Mstaafu.

Sasa ndipo tunafika kwenye swali la tatu, la nini kinaufanya ugonjwa usitulie. Kwa wagonjwa wengi ni usingizi uliokatika, kufanya kazi nyingi kupita kiasi siku mwili unapokuwa na nafuu kisha kulala kitandani siku tatu zinazofuata, kuacha kabisa kujisogeza kwa kuogopa maumivu, huzuni isiyotibiwa, na ugomvi wa nyumbani unaotokana na kutoaminiwa. Wengi tunaumia zaidi siku za hedhi, tunapopata mafua, na katika baridi ya usiku ya mwezi wa sita na wa saba, japokuwa tafiti kuhusu hali ya hewa hazijakubaliana.

Kati ya tiba zote, mazoezi ndiyo yaliyopata uzito mkubwa kuliko dawa katika mwongozo wa madaktari wa Ulaya uliotolewa miaka ya 2016 na 2017. Lakini mwanamke wa shambani akiambiwa afanye mazoezi atacheka, kwa sababu anapiga jembe tangu alfajiri. Tofauti ni kwamba kazi ya jembe haina kipimo na haimsubiri aliyechoka. Anachohitaji ni kutembea kwa mwendo wa kawaida dakika 10 kwa siku, siku ya maumivu na siku ya nafuu kwa kiasi kile kile, na kuongeza dakika chache tu baada ya wiki mbili, huku kazi nzito zikigawanywa vipande kwa siku kadhaa. Daktari akiona inafaa, anaweza kumwandikia amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku. Ni dawa ya zamani, si ghali, na husaidia usingizi na maumivu kwa baadhi ya wagonjwa. Anayetumia asubuhi hulala kazini, kwa hiyo muda una umuhimu.

Na kuhusu bani, nawashauri jambo moja mahususi. Usingizi mzito, ule ambao wale watafiti wa Toronto waliuvuruga, huja zaidi katika saa za mwanzo za kulala, si alfajiri. Kwa hiyo zamu ya kubadilishana kila baada ya saa moja au mbili ndiyo mbaya kuliko zote kwake, hata kama jumla ya saa alizolala inaonekana kutosha. Kaeni na shemeji pamoja na vijana wa hapo nyumbani mkubaliane kwamba katika siku zote za kukausha, mdogo wako alale ndani ya nyumba tangu saa tatu usiku hadi saa tisa bila kuamshwa na mtu yeyote kwa sababu yoyote, kisha ndipo aende kuangalia kipimajoto na kusogeza magogo mepesi mpaka kupambazuke, na kupandisha fito darini kufanywe na wengine.